Ngoma ya Saa Mbili Asubuhi: Chimbuko la Serikali ya Mkutano wa Mji katika Koloni la Massachusetts



 Waandaaji wa mhadhara huu waliniomba nizungumzie historia ya serikali za mitaa, wakaniachia nichague mahali. Nimechagua mbali: pwani ya kaskazini-mashariki ya Amerika katika karne ya 17, ambako Waingereza waliohama kwao kwa sababu za dini waliweka desturi ya kuwakusanya wanaume wa mji chini ya paa moja ili waamue mambo yao kwa sauti zao wenyewe. Desturi hiyo ingali hai katika miji mingi ya Massachusetts, Vermont, New Hampshire na Maine.

Kusudi langu ni kueleza jinsi ilivyoanza. Mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya watu waliopenda uhuru tangu siku walipotia mguu ufukweni. Anayefungua vitabu vya kumbukumbu vya miji ile hukuta habari nyingine: nguruwe walioingia shambani, uzio ulioanguka, miti iliyokatwa bila ruhusa, na majina ya waliotozwa faini kwa kutofika mkutanoni. Dai langu ni kwamba mkutano wa mji ulizaliwa na ardhi iliyoshikwa kwa pamoja. Ulikuwa wajibu kabla ya kuwa haki. Na ardhi ileile iliyowalazimu majirani kusikilizana ndiyo iliyowafanya wawafungie wengine mlango. Nitalieleza kwa hoja tano, na hazitalingana kwa urefu.

Kwanza niweke msingi. Mwaka 1629 Mfalme Charles wa Kwanza alitoa hati kwa Kampuni ya Ghuba ya Massachusetts. Ilikuwa hati ya kampuni ya biashara: kuna gavana, kuna wasaidizi wake, kuna wanachama, na wanachama hao wakutane mara nne kwa mwaka. Kampuni nyingine za namna hiyo ziliendeshwa kutoka London. Waingereza hao waliohama kwa sababu za dini, yaani Wapuritani, waliichukua hati yenyewe, mwaka 1630 wakavuka nayo bahari pamoja na gavana wao, John Winthrop. Kwa hatua hiyo kikao cha wanachama wa kampuni kikageuka kuwa bunge la koloni, likaitwa Baraza Kuu, na mwanachama huru wa kampuni akageuka kuwa raia mwenye kura. Mwaka uliofuata Baraza likaweka sharti: hakuna atakayepokewa kuwa mwanachama huru asipokuwa mshirika wa kanisa. Naomba mlikumbuke sharti hilo.

Kuhusu miji, hati haikusema neno. Serikali ya mji ilibidi watu waibuni wenyewe, huku mvua ikiwanyea.

Hoja ya kwanza: ardhi ilipewa kundi, haikupewa mtu

Tazameni kusini kidogo, katika koloni la Virginia. Huko, tangu 1618, aliyejilipia nauli au kumlipia mwingine kuvuka bahari aliahidiwa ekari 50 kwa kila kichwa. Tajiri aliyeleta watumishi wengi alipata shamba kubwa kando ya mto, akalima tumbaku, na jirani yake akawa mbali. Mtu wa aina hiyo hana sababu ya kukutana na wenzake kila mwezi. Virginia ikatawaliwa na mahakimu wa wilaya na wazee wa parokia, watu wa tabaka la juu.

Massachusetts ilifuata njia tofauti. Baraza Kuu lilitoa eneo kwa kundi la watu walioomba pamoja, na kundi likagawana lenyewe. Dedham, mji ulioanzishwa mwaka 1636 kusini-magharibi ya Boston, ndio mfano nitakaourudia, kwa sababu kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri na mwanahistoria Kenneth Lockridge aliuandikia kitabu kizima mwaka 1970. Watu wa Dedham walipewa eneo kubwa mno kwa idadi yao. Hawakulimaliza. Mwanamume mwenye mke alipata kiwanja cha ekari 12, asiyeoa ekari 8, na sehemu yake ikiwa kinamasi. Mashamba na malisho yaligawiwa polepole, mwaka hata mwaka, na sehemu kubwa ya msitu ilibaki mikononi mwa mji kwa miongo mingi.

Hapo ndipo mkutano ulipopata kazi. Nani apewe, kiasi gani, kwa kigezo gani? Ng'ombe wangapi waingie malishoni, na kuanzia siku gani? Nani alinde uzio wa shamba la pamoja? Katika shamba la aina hiyo vipande vya watu kumi hukaa ndani ya uzio mmoja. Jirani mmoja akizembea upande wake, nguruwe huingia kwa wote. Ndiyo maana miji ile ilichagua wakaguzi wa uzio, wasimamizi wa nguruwe, wasimamizi wa barabara na wakaguzi wa mizani kabla haijawa na kitu cha kuitwa siasa. Wenyeviti wa vijiji mliopo mnaelewa haya bila mimi kuyafafanua.

Baraza Kuu nalo lilisukuma watu wakae karibu. Mwaka 1635 liliagiza kwamba katika miji mipya nyumba zisijengwe zaidi ya nusu maili kutoka nyumba ya mikutano. Agizo hilo halikudumu, lakini linaonyesha walichokitaka: watu wanaoweza kuitwa kwa ngoma wakasikia.

Hoja ya pili: ulikuwa wajibu kabla ya kuwa haki

Mwezi Desemba 1632 wakazi wa mahali palipoitwa Newtown, ambapo leo ni Cambridge, waliwekeana sahihi kwamba watakutana kila mwezi katika nyumba ya mikutano baada ya kengele kulia. Asiyefika, au anayeondoka bila ruhusa kabla ya mkutano kwisha, atatozwa peni 12.

Tarehe 8 Oktoba 1633 wakazi wa Dorchester waliamua kwamba kila Jumatatu kabla ya kikao cha mahakama, saa mbili asubuhi, ngoma ikipigwa, watu wakutane kupanga yale yanayofaa kwa manufaa ya wote. Wakachagua wanaume 12 kuendesha shughuli, na wakaandika kwamba kila mtu atafungwa na yatakayoamuliwa bila kunung'unika. Wanahistoria wengi wa Marekani huitaja siku hiyo kuwa mwanzo wa serikali ya mji katika koloni lile. Sioni haja ya kugombania nani alitangulia. Miji ile ilikuwa ikiigana.

Zingatieni maneno yenyewe. Hakuna mstari unaosema mtu ana haki ya kuhudhuria. Kuna faini kwa asiyehudhuria. Mkutano ulihesabiwa pamoja na zamu ya kutengeneza barabara na zamu ya kulinda usiku.

Na mzigo huo uliwachosha upesi. Februari 1635 watu wa Charlestown waliandika kwamba kukutana wote mara kwa mara kunaleta usumbufu na gharama, na kwamba wakiwa wengi ni vigumu kufikia uamuzi mmoja. Wakawachagua 11 kati yao kushughulikia mambo ya mji kwa mwaka mmoja. Hati hiyo ipo, na majina yaliyotiwa chini yake yapo. Dedham ilifanya vivyo hivyo mwaka 1639 kwa kuwachagua saba. Hao ndio wateule wa mji, na ofisi yao imedumu hadi leo.

Kwa hiyo ndani ya miaka michache ya kwanza mkutano wa watu wote ulikwisha kukabidhi sehemu kubwa ya kazi yake kwa wachache. Lockridge alionyesha kwamba Dedham ya kizazi cha kwanza iliwarudisha wateule walewale mwaka baada ya mwaka, watu wenye mali kiasi na wenye sifa njema kanisani, na mkutano mkuu mara nyingi uliidhinisha yale waliyokwisha kuyapanga. Hata hivyo kulikuwa na breki mbili. Wateule walichaguliwa kwa mwaka mmoja tu. Na kila uamuzi uliandikwa na karani kitabuni, ambamo anayetaka kujua alipewa nini angeweza kuja kusomewa.

Hoja ya tatu: kodi ndiyo iliyofungua midomo

Februari 1632 gavana na wasaidizi wake walitoza miji kodi ya pauni 60 kwa ajili ya kujenga ngome Newtown. Watu wa Watertown walikataa. Mchungaji wao, George Phillips, na mzee wa kanisa Richard Browne waliwaambia kwamba kulipa fedha zilizotozwa kwa namna hiyo ni kujitia utumwani wao na watoto wao. Winthrop aliwaita, akawaeleza kwamba serikali hii haifanani na baraza la mji wa Kiingereza lisiloruhusiwa kutoza bila idhini. Ina hadhi ya bunge. Wakakiri kosa, wakalipa.

Ila Mei ya mwaka uleule Baraza Kuu likakubali kila mji uchague watu wawili wa kushauriana na gavana kuhusu kodi. Mwaka 1634 wajumbe wa miji wakaomba kuonyeshwa hati ya mfalme. Wakaisoma, wakaona imeandikwa kwamba mamlaka ya kutunga sheria ni ya wanachama wote huru, wala si ya gavana na wasaidizi wake peke yao. Winthrop akashindwa uchaguzi mwaka huo. Tangu hapo miji ilituma wajumbe kwenye Baraza. Nawaomba wanafunzi wa sheria mkitulie kisa hiki: mabadiliko makubwa kuliko yote ya miaka ile yalikuja kwa sababu watu walidai kuisoma hati iliyowatawala.

Machi 1636 Baraza Kuu likaandika sheria iliyoipa miji nguvu kamili ya kugawa ardhi na misitu yake, kuweka kanuni zisizopingana na sheria za koloni, kutoza faini isiyozidi shilingi 20 kwa anayezivunja, na kuchagua maofisa wake. Sheria iliithibitisha desturi iliyokwisha kuanza.

Mwaka 1641 ukaja mkusanyo wa sheria ulioandaliwa na Nathaniel Ward, na kifungu chake cha 12 nakiona kuwa cha thamani kubwa kuliko vyote: kila mtu, mwenyeji au mgeni, mwanachama huru au asiye huru, ana ruhusa ya kufika kwenye mahakama yoyote, baraza lolote au mkutano wowote wa mji na kuuliza swali, kutoa hoja, malalamiko au ombi, kwa mdomo au kwa maandishi, mradi afuate utaratibu. Kura ilibaki kwa wachache, sauti ikafunguliwa kwa wengi. Mwaka 1647 wanaume wasio wanachama huru, waliotimiza miaka 24 na kula kiapo cha uaminifu, wakaruhusiwa kupiga kura katika baadhi ya mambo ya mji.

Hapa niseme kwa ufupi juu ya ubishi wa wasomi kuhusu asili ya jambo hili. Katika miaka ya 1880 Herbert Baxter Adams alidai kwamba mji wa New England, yaani wa eneo hili la kaskazini-mashariki ya Amerika, ni mtoto wa mabaraza ya misituni ya Wajerumani wa kale. Dai hilo lilitamba, likafa. Edward Channing alielekeza macho kwenye parokia za Uingereza. Kisha Sumner Chilton Powell akafanya kazi ya miguu: aliwafuata wakazi wa kwanza wa mji wa Sudbury, mmoja mmoja, hadi katika vijiji walikotoka Uingereza. Kitabu chake cha 1963 kilipewa tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Aligundua kwamba walitoka sehemu zenye taratibu tofauti kabisa: wengine vijiji vya mashamba ya pamoja chini ya bwana wa ardhi, wengine miji yenye mabaraza ya wafanyabiashara, wengine nchi ya mashamba yaliyozungushiwa ua. Hakuna desturi moja waliyoweza kuihamisha ikakaa. Ilibidi wajadiliane upya kuhusu karibu kila kitu, na majadiliano hayo ndiyo mkutano. Mimi naafiki maelezo ya Powell.

Hoja ya nne: mlango na waliobaki nje

Mabibi na mabwana, hapa naomba tukae kwa muda.

Agano la Dedham la 1636 lina vifungu vitano. Cha kwanza kinaahidi kuishi kwa upendo wa milele. Cha tatu kinasema wakikosana, ugomvi upelekwe mara moja kwa mtu mmoja, wawili au watatu wa jamii yao wausuluhishe. Cha nne kinamtaka kila mwenye kiwanja atoe mchango wake na kutii kanuni. Ni hati nzuri, na huwezi kuisoma bila kuguswa. Lakini kifungu cha pili, kilichokaa katikati ya upendo na usuluhishi, kinaahidi kuwazuia wote wenye mawazo tofauti na kupokea tu wanaodhaniwa kuwa wa moyo mmoja nao.

Waliweza kukubaliana kwa sababu walichagua mapema nani wa kukubaliana naye. Wanawake walikaa katika nyumba ileile ya mikutano siku ya ibada, ila siku ya mkutano wa mji hawakuwa na kura. Mgeni maskini aliweza kupewa onyo aondoke ili asije kuwa mzigo wa mji. Mkusanyo uleule wa sheria wa 1641, ambao kifungu chake cha 12 nimekisifu sasa hivi, katika kifungu cha 91 uliruhusu utumwa kwa mateka wa vita na kwa wageni waliouzwa.

Na ardhi? Kati ya 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na mabaharia wa Ulaya yaliangamiza sehemu kubwa ya watu wa pwani ile, Wamassachusett na Wawampanoag. Walowezi wengi walitua mahali palipokwisha kulimwa na watu waliokuwa makaburini. Kila gawio lililopigiwa kura kwa utaratibu mzuri lilikuwa gawio la nchi ya watu wengine.

Kisa cha Natick kinaonyesha haya kwa uchungu. Mwaka 1651 mhubiri John Eliot alisaidia Wamassachusett na Wanipmuc waliokubali Ukristo kuanzisha mji wao kwenye mto Charles. Nao walikutana, wakachagua viongozi wao wa kumi kumi, wa hamsini na wa mia, kwa kufuata Kitabu cha Kutoka. Mwanzoni mwa karne ya 18 kumbukumbu za mji huo ziliandikwa na karani mwenyeji kwa lugha ya Kimassachusett. Nataka mlijue hilo, kwa sababu simulizi za kawaida za mkutano wa mji huliacha.

Dedham, jirani yao, ilidai kwamba sehemu ya ardhi ya Natick, kama ekari 2,000, ni yake, ikawashtaki kwa miaka. Baraza Kuu mwishowe likawaachia watu wa Natick ardhi na kuifidia Dedham kwa ekari 8,000 mahali pengine, Pocumtuck, katika bonde la mto Connecticut. Kwa maneno mengine, ilitolewa nchi ya wenyeji wengine ili kumaliza kesi. Kisha mwaka 1675 vita vilipoanza kati ya walowezi na kiongozi wa Wawampanoag, Metacom, watu wa Natick, Wakristo waliokuwa na mji, viongozi na sheria kama jirani zao, walipelekwa kwa mashua kwenye kisiwa cha Deer katika bandari ya Boston. Wengi walikufa huko kwa njaa na baridi.

Siwezi kuwasifu watu wa Dedham kwa agano lao nikaacha kesi yao mlangoni. Wakutanao humiliki pamoja, na wanaomiliki pamoja hujiuliza nani si mwenzao.

Hoja ya tano: mkutano ulizaliwa mara ya pili

Miji ilipotawanyika, mambo yalibadilika. Sudbury katika miaka ya 1650 iligawanyika juu ya ugawaji wa malisho: wazee walitaka kipimo cha zamani, vijana walitaka mgawo sawa wa ardhi mpya. Vijana wakashinda hoja moja, wakashindwa nyingine, wakahama kwenda kuanzisha Marlborough. Kuhama ndilo jibu ambalo ardhi tele iliwapa.

Hati mpya ya kifalme ya 1691 ilifuta sharti la ushirika wa kanisa katika kura ya koloni na kuweka kipimo cha mali. Katika miaka hiyo, anasema Lockridge, mkutano wa Dedham uliamka: ukaanza kukutana mara nyingi zaidi, ukajichagulia mwenyekiti wake badala ya kuwaachia wateule, ukayachukua maamuzi waliyozoea kuyafanya peke yao. Sheria ya 1715 ikaongeza kwamba wenye ardhi kumi wakiandika kutaka jambo liingizwe katika hati ya mwito wa mkutano, wateule hawana budi kuliingiza. Lisilokuwa katika hati ya mwito halikuweza kuamuliwa. Kwangu mimi, mkutano tunaousifu leo ni huu wa pili, uliotokana na kutoaminiana kwa kiasi, kuliko ule wa kwanza wa watu wa moyo mmoja.

Serikali ya London ilielewa nguvu hiyo ilipochelewa. Sheria ya 1774 iliipiga marufuku miji ya Massachusetts kuitisha mkutano bila idhini ya gavana, isipokuwa ule wa kawaida wa uchaguzi. Jenerali Gage, aliyekuwa gavana, alipowaita wateule wa Boston kuwakumbusha, walimjibu kwamba hawana haja ya kuitisha mkutano wowote, kwa kuwa mikutano ya awali haikufungwa, imeahirishwa tu. Gage akaona kwamba kwa njia hiyo wangeweza kuuweka mkutano mmoja hai miaka kumi.

Tuelekee wapi

Boston iliuacha mkutano wa mji mwaka 1822 kwa kuwa watu wamekuwa wengi mno. Brookline, jirani yake, mwaka 1915 ilibuni mkutano wa wawakilishi waliochaguliwa na mitaa. Miji midogo imeendelea na mkutano wa wote.

Sisi hatukurithi desturi hii, na mkutano mkuu wa kijiji wa Tanzania una historia yake. Ila Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni wa kila mkazi mtu mzima, mwanamke kwa mwanamume. Kwa hiyo maswali ya Dedham tunayo mezani: ardhi ya pamoja, wachache wanaoendesha, wengi wanaoidhinisha, mgeni na mfugaji waliosimama nje.

Tofauti ni kwamba Lockridge na Powell walikuta vitabu. Muhtasari wa mikutano yetu umelala katika madaftari kwenye ofisi za vijiji, mengine yameliwa na mchwa. Nawaomba wanafunzi wa idara hii, kwa ruhusa ya vijiji vyenyewe, muanze kuyanakili: tarehe, ajenda, nani aliomba nini, nani alipinga, kipande gani cha ardhi kiliamuliwa na kwa kura ngapi. Nawaomba wenyeviti mliopo muwafungulie makabati. Anzeni na madaftari ya zamani zaidi mtakayoyapata, na mahali jina limefutwa, andikeni kwamba limefutwa.